Malori Matatu na Thumuni

Jamhuri ya Tahadhari haimo kwenye ramani. Mchoraji wa ramani alipofika mpakani aliulizwa anachora kwa niaba ya nani, akakosa jibu la haraka, na mpaka leo yuko mahabusu anaendelea kufikiri. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akiona inafanana na nchi anayoijua, basi ni macho yake hayo, akayapime.

Nembo ya taifa hilo ni jicho linalochungulia kwenye tundu la kufuli. Kaulimbiu yake ni neno moja tu: HUENDA. Watu wake ni wakarimu kupita kiasi, na kila mgeni anayeingia hupewa mwenyeji wa kumtunza kwa mbali, nyuma ya gazeti. Ukimwambia mtu "habari za asubuhi" atakutazama viatu kwanza, halafu uso, kisha atakujibu kwa upole, "Kwani umesikia nini?"

Katika mji wa Upekecho, nchini humo, kulikuwa na Kiwanda cha Taifa cha Viberiti. Na ndani ya kiwanda, mlango wa pili kushoto, kulikuwa na Dawati la Mashaka, na nyuma ya dawati alikaa Bwana Mapeto Kiruwe na kalamu yake nyekundu.

Kazi ya Mapeto ilikuwa rahisi kama kumeza mate. Sheria ya Mashaka, kifungu cha nne, ilisema kwamba kila ombi linalopita mbele ya ofisa lazima lishukiwe, na kushuku maana yake ni kukata nusu. Ukiomba misumari kumi, Mapeto anajua kabisa unataka mitano, hiyo mingine ni ya kujengea banda la shemeji yako. Anakata. Karatasi inapanda Wilayani, wanakata. Inapanda Mkoani, wanakata. Inafika Wizarani, na Wizara nayo haikuajiriwa kupunga upepo, inakata.

Waombaji nao hawakuzaliwa jana. Mtu akitaka misumari kumi aliandika mia moja na sitini, akarudi nyumbani kusubiri kumi yake. Hesabu hiyo haikufundishwa shuleni, lakini hakuna aliyeikosea. Hata mke wa Mapeto, Bi Sikudhani, akitaka kilo moja ya mchele alimwambia mumewe kilo mbili. Kila mtu alijua mwenzake anadanganya, alijua anadanganya kwa kiasi gani, na utulivu uliopatikana hapo ndio ulioitwa umoja wa kitaifa.

Miaka ishirini na saba Mapeto alikata bila kukosea. Sifa zake zilifika mpaka Wizarani. Wanasema siku moja ililetwa barua ya rambirambi ipitie mezani kwake, imeandikwa "tumepokea kwa majonzi makubwa". Mapeto akaisoma mara mbili, akafuta, akaandika juu yake: "majonzi ya wastani".

* * *

Tatizo lilikuwa moja. Nchi nzima haikuwa na viberiti.

Mjini watu walikuwa wanaombana makaa kwenye vigae, na kila aliyebisha hodi kuomba moto aliulizwa moto wa kuchomea nini. Sufuria zikawa zinabandikwa kwa zamu. Mwisho Waziri wa Viwanda na Uangalizi, Mheshimiwa Daktari Fulgensi Makoroboi, alifunga safari ng'ambo kutazama wenzetu wanafanyaje, akakaa huko wiki sita kuwashuku, kisha akarudi akawahutubia wafanyakazi wa Upekecho.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona kiwanda ambacho mzigo unafika siku uliyotarajiwa. Nimeona kwa macho yangu, na macho hayo nimeyathibitisha kwa daktari. Nilishtuka. Nikawauliza, jamani, mnatumia dawa gani? Wakanijibu kwamba wanatumia hesabu. Wanakaa chini wanahesabu kipi kitoke wapi, kipite njia gani, kifike lini, kabla hakijatoka. Kabla, ndugu zangu. Sisi siku zote tumekuwa tukihesabu baada, tena mbele ya polisi."

Watu wakapiga makofi, kila mmoja akimtazama jirani yake anapiga mangapi.

"Kwa hiyo naleta mtaalamu. Na natoa siku tisini. Ifikapo Siku ya Moto wa Taifa nataka viberiti milioni mbili vimefika stesheni ya reli. Vikipungua hata kimoja, nakuja mwenyewe na kufuli la serikali kufunga lango kuu, na nyinyi mia nne mrudi mlikotoka, kama kweli ndiko mnakotoka."

Mapeto alisikia hayo akiwa mstari wa mbele, akaiwaza nyumba. Nyumba aliyokaa, namba saba, vyumba vitatu na bustani ya mchicha nyuma, ilikuwa ya kiwanda. Kiwanda kikifungwa, na nyumba inafungwa. Alikotoka yeye hakukuwa na mtu aliyemkumbuka ila kwa zile nusu alizowakata.

* * *

Mtaalamu aliletwa na basi la Jumanne. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, Siwatu Mwengele, mfuko mgongoni, kompyuta kifuani ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa tupu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa semina mwaka wa pili huo, na kwa muda wote kiwanda kiliongozwa na koti lake, lililokuwa limetundikwa mgongoni mwa kiti. Siwatu akaenda mlango wa pili kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Kwa sababu gani?" alijibu Mapeto.

"Kwa sababu umenizidi umri."

"Nani kakwambia?"

Siwatu akatabasamu, akakaa bila kukaribishwa. Mapeto akaandika hilo. Mtu anayetabasamu mbele ya Dawati la Mashaka ana jambo.

"Mzee Mapeto, nataka kujua kitu kimoja. Kwa miezi mitatu kiwanda kinahitaji magogo malori mangapi?"

"Ya kweli au ya kuandika?"

"Ya kweli."

Mapeto akaweka kalamu chini. Katika miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumuuliza neno hilo. Akaiokota kalamu, akaandika tena: *Mtuhumiwa anataka kujua ukweli. Wa nini?*

Wiki ya kwanza Siwatu alizunguka kiwanda na daftari, na Mapeto alizunguka nyuma yake na gazeti lenye matundu mawili. Mtunza stoo, Bi Kidawa, alisema gundi iliyobaki ni mapipa matatu. Dereva Shombo alisema kutoka msitu wa Kiduhi mpaka kiwandani lori linachukua siku tano. Fundi wa mashine ya njiti alisema mashine ni mbovu, inakohoa, ikipewa zaidi ya magogo mawili kwa siku itakufa. Siwatu akaingiza yote hayo kwenye kompyuta, akabonyeza, akangoja. Kompyuta ikafikiri. Ikatoa jibu kwamba, kwa taarifa ilizopewa, kiwanda hicho hakiwezekani, na hakijawahi kutengeneza kiberiti hata kimoja tangu kijengwe.

"Nilishalijua hilo," alisema Mapeto, aliyekuwa nyuma ya pazia.

Lakini Siwatu alikuwa mtoto wa Tahadhari, kazaliwa humo, kanyonya humo. Siku iliyofuata alibadilisha maswali. Aliketi na Bi Kidawa kwenye chai ya saa nne, akavuta pumzi, akasema kana kwamba hataki kusema, "Mama, kumbe kutoka Kiduhi ni mbali hivyo. Siku tano nzima. Maskini Shombo."

Bi Kidawa akacheka mpaka chai ikampalia.

"Siku tano? Mwanangu, Kiduhi ni maili kumi na mbili. Ukiimba vizuri wimbo haujaisha umefika. Shombo ana mke kule. Siku nne yuko shambani kwa mkewe anapiga jembe, lori limepigwa jeki linaanikiwa mihogo."

Saa sita Siwatu alikuwa chini ya lori anamshikia Shombo spana.

"Kaka, gundi inaisha. Yamebaki mapipa matatu tu, nasikia."

"Matatu ya nani? Kidawa?" Shombo akachomoza kichwa. "Dada, ana mapipa tisini yule. Kayafunika turubai, juu ya turubai kaweka kuku anayeatamia, ili mtu akitaka kufunua aambiwe usimsumbue mzazi. Na huyo kuku anaatamia mwaka wa pili."

Hiyo ndiyo siri ya nchi ya Tahadhari, ambayo vitabu vya ng'ambo havikuiandika: hakuna mtu anayesema kweli kuhusu nafsi yake, lakini kuhusu mwenzake atakupa mpaka desimali. Siwatu akamuuliza Shombo habari za fundi, akamuuliza fundi habari za wakata magogo, akawauliza wakata magogo habari za Bi Kidawa. Kwa siku nne alikuwa na takwimu safi kuliko za taifa lolote duniani, na Mapeto alikuwa na daftari lililojaa. Mstari wa mwisho alikuwa ameupigia mistari miwili chini: *Watu wote wanamwambia kweli. Hajalazimisha mtu. Hatari kubwa.*

* * *

Siku ya kumi na moja Mapeto alishindwa kujizuia. Aliacha gazeti, akaingia alikokuwa amekaa Siwatu, akasimama nyuma ya bega lake.

"Hii nini?"

"Karibu, mzee. Hapa juu ndipo lengo: viberiti vingi kadiri inavyowezekana ndani ya siku zilizobaki. Hapa chini ndipo vizuizi. Malori sita. Gundi mapipa tisini. Mashine inakula gogo moja hivi kwa saa. Kompyuta inapima mipango yote inayoweza kufanyika, inatupa mibaya, inatubakishia ulio bora."

"Na nani kaituma?"

"Nani kamtuma nani?"

"Hiyo kompyuta."

Siwatu akageuka kumtazama. "Mimi, mzee."

"Na wewe?"

"Waziri."

Mapeto akatikisa kichwa taratibu. Mlolongo ulikuwa unapanda juu mno kwa mtu asiye na la kuficha.

Mpango ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisema magogo yakishafika Upekecho yaache kupelekwa mji mkuu, maili mia tatu, kugongwa muhuri halafu yarudi. Yatoke Kiduhi, yaingie mashineni moja kwa moja. Ulisema kuku wa Bi Kidawa ahamishwe kwa heshima. Na ulisema kwamba ili kupata viberiti milioni mbili, kiwanda kinahitaji kibali cha malori hamsini ya magogo. Siwatu akajaza fomu ya maombi, akaandika: *50*. Nakala moja ikaenda kwa Waziri, na yenyewe ikaja mlango wa pili kushoto.

Mapeto aliitazama fomu hiyo mchana kutwa. Aliigeuza nyuma. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliinusa. Anayetaka hamsini huandika mia nane, huo ndio ustaarabu. Sasa mtu anayetaka hamsini akaandika hamsini, hizo mia saba na hamsini nyingine kazificha wapi?

Akachukua kalamu nyekundu, akakata, akaandika ishirini na tano, na roho yake ikatulia. Wilayani wakafanya kumi na mbili na nusu. Mkoani sita na robo. Wizarani, baada ya kikao cha siku mbili, wakaidhinisha malori matatu na thumuni.

Na kweli yakaja. Malori matatu yaliingia asubuhi yamejaa, yakashusha. Saa nane mchana likaja la nne. Juu yake kulikuwa na magogo mawili na kipande cha tatu kilichokatwa kwa msumeno ili thumuni itimie sawasawa, vimefungwa kamba, vinasindikizwa na askari mwenye bunduki. Askari akamtaka mtu asaini kupokea.

Siwatu akasaini. Kisha akaenda kukaa juu ya kile kipande, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakutabasamu. Mapeto alichungulia dirishani akaona hivyo. Akatafuta la kuandika katika daftari lake, asilipate.

* * *

Jioni hiyo Bi Sikudhani alimwekea mumewe chakula, akakaa mbele yake, akamtazama anavyotafuna.

"Wanasema magogo yaliyoletwa yanaisha Ijumaa."

"Wanasema nani?"

"Baba Tindo, mimi si mtuhumiwa, ni mkeo. Ile fomu ya binti, ulikata?"

"Nilikata. Ndiyo kazi yangu."

"Na kiwanda kikifungwa, nyumba hii?"

Mapeto akasukuma sahani. Mkewe akaanza kutoa vyombo.

"Waliosema mwosha huoshwa walisema kweli," alisema akiwa mlangoni. "Sijui tu mkata nusu hufanywa nini. Labda hubakizwa nusu."

Asubuhi Mapeto alimwendea Siwatu, akafunga mlango, akachungulia chini ya meza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Andika fomu mpya. Weka mia nane. Nitakata, watakata, zitafika hamsini. Nani atajua?"

"Nilishalifikiria, mzee. Soma hizi." Alimsukumia nyaraka mbili za Wizara. Waraka wa kwanza ulisema kuwa, kwa vile taifa sasa linatumia sayansi, mtu yeyote atakayeandika zaidi ya ilivyosema kompyuta ni mhujumu, na adhabu yake ni miaka saba. Wa pili, wa tarehe hiyohiyo na saini hiyohiyo, ulikumbusha kwamba ukataji wa nusu unaendelea kama kawaida.

"Basi hapo hakuna njia," alisema Mapeto.

"Ipo. Jana niliongeza vizuizi nilivyovisahau." Akageuza kompyuta. "Kuna kitu tunakiita bei kivuli. Inakwambia, ukikilegeza kizuizi fulani, utapata viberiti vingapi zaidi."

Neno kivuli lilimfanya Mapeto atazame nyuma yake. Kisha akasoma. *Mke wa Shombo wa Kiduhi: viberiti elfu kumi na moja. Kuku wa Bi Kidawa: elfu sita.* Vizuizi vyote vya kiwanda vilikuwa vimepangwa, vidogo vidogo kama dagaa kwenye fungu. Chini kabisa palikuwa na mistari minne mirefu, yote sawa. Wizara. Mkoa. Wilaya. Na wa nne: *Dawati la Mashaka, Upekecho. Likilegezwa, uzalishaji wa kiwanda mara mbili.*

Mapeto akakaa. Alikuwa ameshuku madereva, wapishi, wajane, wahubiri, na mara moja mbuzi. Mtu mmoja tu hakuwahi kumfungulia faili.

"Hata nisipokata," alisema, "wale watatu wa juu watakata. Utapata sita na robo."

"Sita na robo ni mara mbili ya tatu na thumuni."

"Na mimi nitapata kifungu cha nne. Miaka mitano kwa kutoshuku."

"Najua, mzee. Ndiyo maana sikukuomba. Nimekuonyesha tu."

Mapeto akarudi ofisini na fomu mpya iliyoandikwa *50*. Akaiweka mezani. Akafungua kalamu, mkono ukaenda wenyewe kama ng'ombe anayejua zizi, na ilibidi aushike na mkono wa pili. Kisha, kwa herufi kubwa, pole pole, akaandika: *IPITE KAMA ILIVYO. M. Kiruwe.* Akaipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, kabla hajaanza kujishuku.

* * *

Kilichotokea huko juu Mapeto alikuja kusimuliwa baadaye, na watu watatu waliokuwa wanasemana.

Ofisa wa Wilaya aliisoma fomu akiwa amesimama, akalazimika kukaa. Mapeto hakukata. Mapeto aliyekata majonzi. Ofisa akafunga dirisha. Mtu kama yule haachi kukata hivihivi, lazima kuna mkubwa nyuma ya magogo haya, tena mkubwa wa kutisha. Kukata ni kujitafutia makubwa. Na kupitisha tu bila neno ni kuonekana unasitasita. Akachukua kalamu, akaandika mia moja, ili mkubwa ajue Wilaya iko pamoja naye.

Mkoani walipoona Mapeto kapitisha na Wilaya kaongeza, hawakuuliza kitu. Kuuliza ni kuonyesha kwamba hukuambiwa. Wakaandika mia mbili. Wizarani Katibu alitazama saini tatu, akatoka nje kuvuta hewa, akarudi. Mia nne.

Malori yakaanza kuingia Upekecho Jumatatu. Siwatu alisimama langoni anahesabu, anafurahi, mpaka la hamsini. La hamsini na moja akadhani ni makosa. La mia akaanza kupunga mikono ayarudishe. Madereva wakamwonyesha vibali vyao na kuendelea kumwaga. Kufikia Ijumaa magogo yalikuwa yamejaza ua, yamepanda ukuta, yamefunika kibanda cha mlinzi na mlinzi akatolewa kwa ngazi. Lango kuu la Kiwanda cha Taifa cha Viberiti, chuma chake, bawaba zake, na maandishi yake, lilikuwa limezikwa kabisa, na juu ya kaburi lake magogo yalifika usawa wa bomba la moshi.

Ndani, hata hivyo, kazi ilipamba moto. Magogo yalikuwapo, gundi ilikuwapo, na kuku alikuwa amehamia kiti cha Mkurugenzi, chini ya koti. Kilichokosekana ni njia ya kutokea. Basi wafanyakazi wakapanga mstari juu ya mlima wa magogo, wakawa wanapitisha katoni mkono kwa mkono mpaka upande wa pili, kama siafu wanaohama. Mapeto naye alisimama kwenye mstari, kati ya Shombo na Bi Kidawa. Alipokea katoni nzima, akatoa nzima. Ilimchukua siku mbili kuzoea.

Ilipofika Siku ya Moto wa Taifa, viberiti vilivyofika stesheni vilikuwa milioni moja, laki sita na arobaini elfu. Taifa lilipika. Lakini milioni mbili hazikutimia.

* * *

Waziri Makoroboi alikuja na bendi, na kufuli. Kufuli lilikuwa kubwa kama kichwa cha beberu, limebebwa juu ya mto mwekundu na askari wawili. Akasimama chini ya mlima wa magogo, akatazama juu mpaka kofia ikaanguka.

"Nani alikuwa Dawati la Mashaka?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Mapeto.

"Uliletewa ombi la hamsini. Ukalipitisha kama lilivyo. Ulimwamini huyu binti?"

Bendi ikanyamaza. Katika Tahadhari hakuna neno zito kama hilo. Siwatu alifungua mdomo aseme, Bi Kidawa akamkanyaga mguu. Mapeto alitazama paa la nyumba namba saba, lililokuwa linaonekana kwa mbali, na Bi Sikudhani kibarazani, mikono kiunoni.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilishuku, kama sheria inavyotaka. Nilishuku sana. Ila safari hii nilianza na mimi mwenyewe. Nikajikuta nina makosa, nikajizuia."

Waziri akafikiri. Akamgeukia mwanasheria wake, mwanasheria akapekua kitabu, akapekua tena, akatikisa kichwa: sheria ilisema ofisa ashuku, haikutaja popote kwamba yeye mwenyewe hahusiki.

"Na hizi mia nne?" Waziri aliuliza, sauti imepungua. "Hamsini ilizaaje mia nne? Nani kaandika mia nne?"

"Saini ya mwisho iko hapa, Mheshimiwa," alisema Siwatu, akamkabidhi fomu kwa mikono miwili. Ilikuwa na muhuri wa Wizara, bado unanukia wino.

Waziri akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani kabisa.

"Tusipoteze muda na mambo ya zamani," alisema. "Lengo halikutimia. Funga lango."

Askari wawili wakatangulia na kufuli. Wakazunguka mlima. Wakarudi. Wakazunguka kwa upande mwingine. Wakarudi tena, wakasimama.

"Mheshimiwa, lango halipo."

"Fungeni mlango wa nyuma."

Mwanasheria akakohoa. Sheria ya Ufungaji, kifungu cha pili, ilisema wazi kwamba kufuli la serikali hufungwa kwenye lango kuu, si penginepo, na likifungwa penginepo kiwanda huhesabika kuwa kimefunguliwa upya.

Waziri akavuta pumzi ndefu. "Basi naahirisha. Ombeni kreni moja, ondoeni magogo haya, na siku lango litakapoonekana narudi. Lango likionekana asubuhi, mchana nimefunga." Akaokota kofia, bendi ikapiga, msafara ukaondoka na kufuli juu ya mto wake.

Jioni hiyo Siwatu alikuja mlango wa pili kushoto na fomu mkononi. Alikuwa ameijaza kama alivyoagizwa: *Kreni: 1*. Akaiweka mezani. Nje, juu ya magogo, katoni zilikuwa bado zinapita mkono kwa mkono.

Mapeto aliisoma fomu. Aliigeuza nyuma. Aliiinua kwenye mwanga, akainusa, kwa furaha ya mtu aliyerudi nyumbani. Kisha akamtazama Siwatu kwa jicho kali la kiofisi.

"Kreni nzima?" alisema. "Binti, unanishangaza. Hiyo nusu nyingine ni ya banda la shemeji yako?"

"Mzee umenikamata," alisema Siwatu.

Na Mapeto akakata. Katika miaka ishirini na saba hakuwahi kukata vizuri namna ile, mstari mmoja, umenyooka, wino haukumwagika hata tone. Wilayani walipoona Mapeto amerudi kukata, wakashusha pumzi, wakakata. Mkoani wakakata. Wizarani wakakaa kikao cha siku mbili, wakakata.

Baada ya wiki tano askari mwenye bunduki alifika Upekecho akisindikiza kitu kimoja, kimefungwa kamba kwenye toroli. Ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya kreni, iliyopimwa kwa uangalifu: ndoano, na mnyororo wake kidogo.

Mapeto akasaini kupokea. Ndoano ikapigiliwa ukutani katika ofisi ya Mkurugenzi, na koti likahamishiwa hapo, maana kuku wa Bi Kidawa, baada ya miaka miwili ya kuatamia, alikuwa ameangua vifaranga kumi na kimoja, na kiti kilikuwa kinawatosha yeye na wanawe tu.